Nyumba Isiyotiwa Gundi

Gundi alisomea usanifu wa majengo, akafaulu vizuri tu, akapigwa picha na joho lake, na tangu siku hiyo hajajenga hata banda la kuku. Msimwonee huruma mapema. Wa aina yake wamejaa mjini: wanajua kupanga hospitali nzima kuanzia lango la gari la wagonjwa mpaka chumba cha maiti, na kazi wanayoipata ni kaunta ya duka la simu.

Jina alilipata chuoni, mwaka wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vimeganda gundi saa zote, na kitu alichokibandika yeye hakikubanduka. Mwalimu wao mmoja alijaribu kufungua paa la kijumba cha mfano alichokitengeneza, achungulie ndani, akajikuta amenyanyua na ubao wote uliokibeba, miti na barabara zikiwemo. Darasa likacheka mpaka likatoa machozi, na kuanzia hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kwenye cheti.

Walipomaliza chuo, yeye na mwenzake wakapanga banda nyuma ya gereji ya matairi. Mwenzake huyo aliitwa Mheshimiwa, kwa kuwa tangu ujana wake hajawahi kujibu swali kwa sentensi moja. Mheshimiwa alitafuta wateja na kuongea, Gundi alikata na kubandika. Walikuwa na mashine ya leza ya mitumba iliyopenda kuzimika ikifika kwenye kona, msumeno wa meza, makopo ya rangi na feni iliyopeperusha vumbi la mbao kutoka upande mmoja wa banda kwenda upande wa pili. Humo walitengeneza chochote ambacho mtu alikitaka na hakipatikani dukani. Walimtengenezea muuza viatu kiatu kikubwa mtu anachoweza kukaa ndani. Walijenga jukwaa la harusi lenye umbo la kitabu kilichofunguliwa, bwana harusi akakaa ukurasa wa kushoto. Daktari wa meno alitaka jino la urefu wa mtu alisimamishe mlangoni, wakalitengeneza, likapendeza, ila chini ya taa za zahanati yake rangi ikageuka njano. Daktari akalirudisha akisema hawezi kuwakaribisha wagonjwa kwa jino bovu. Likabaki bandani, Mheshimiwa akawa analikalia akipiga simu.

Aliyelisema jino lile kuliko daktari ni mama yake Gundi.

"Nimekusomesha ujenge nyumba, baba," alimwambia, "wewe unajenga meno."

Mama huyu mtaani walimwita Mama Ngazi, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Mwaka ule Gundi alipoingia chuo, kwa ujana na furaha, alimwambia, "Mama, nikimaliza nitakujengea nyumba." Maneno kama hayo vijana huyasema wakiwa wameshiba, wakayasahau kabla ya kunawa. Mama Ngazi hakuyasahau. Aliyapeleka bombani, akayapeleka kwenye foleni ya kliniki, akayapeleka hata misibani, watu wakilia yeye anawanong'oneza, "Mwanangu anasomea majumba. Atanijengea." Miaka ikaenda. Watu wakaanza kuuliza nyumba imefika wapi, naye akawajibu bila kupepesa kuwa nyumba nzuri haiharakishwi. Akirudi ndani anamgeukia mwanawe, "Imefika wapi?"

Nyumba aliyokuwa akiishi aliachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa ya kawaida, ukuta wa matofali, bati, kibaraza chembamba, na juu chumba kimoja kilichoongezwa baadaye. Kilichoipa nyumba ile jina ni ngazi ya nje ya kwendea chumba hicho. Marehemu aliijenga mwenyewe kwa saruji, siku zake za mapumziko, bila fundi, kwa sababu alikuwa mbishi. Alikosea hesabu. Alipofika juu akakuta bado kuna kimo kimebaki, basi kidato cha mwisho akakifanya kirefu karibu mara mbili ya vingine. Watu wa nyumba ile walikizoea hata wakawa wanainua mguu bila kufikiri. Mgeni alijikwaa lazima. Walijikwaa wapangaji, wachumba wa dada yake Gundi, na hata aliyekuja kusoma mita. Kila mtu akijikwaa Mama Ngazi anacheka huko chini, "Ngazi imeshajua huyu si wa kwetu!"

Gundi alijifunza kutembea kwenye ngazi hiyo. Chuoni, walipofundishwa kwamba vidato vyote vya ngazi lazima vilingane, aliandika kwenye daftari kama wenzake, moyoni akasikia wamemtukana baba yake.

Sasa kazi kubwa ikaja. Kampuni moja ya ujenzi ilitaka mfano wa mtaa mpya: maghorofa, maduka, bustani ya katikati na lango kuu, vyote vidogo juu ya ubao mmoja, ili wakurugenzi wauone kabla michoro haijapelekwa serikalini kutiwa saini. Mheshimiwa aliingia bandani amebeba bahasha ya michoro kama aliyebeba mtoto mchanga. Wakaikunjua juu ya meza. Gundi akasoma majina ya barabara. Mradi ulikuwa unakuja kukaa ubavuni mwa mtaa wao.

Akafuata mstari wa mpaka kwa kidole. Ulipita nyuma ya vyoo vya shule, ukateremka, ukafika kwenye safu ya nyumba zao, ukakunja nje. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya mwisho kwenye safu, jirani kabisa na mahali pa lango kuu, lakini ilikuwa nje. Akapima tena kwa rula. Akaenda kunywa maji, akarudi, akapima tena.

Jioni alimkuta mama yake ameshasikia. Habari za kubomolewa hazihitaji kupigiwa baragumu.

"Wanakuja kutubomoa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mstari umepita nje. Nimeuona mwenyewe."

"Umeuona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Tena mfano nautengeneza mimi. Wewe lala usingizi."

Mama Ngazi akalala usingizi. Asubuhi akatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ndiye anayetengeneza mradi wote, na kwamba nyumba zao zimepona kwa ajili yake. Majirani wakamletea Gundi shukrani ambazo hakuzifanyia kazi, naye akazipokea, maana binadamu haoni shida kupokea sifa.

Hapa lazima mjue jambo moja la kazi hiyo. Watu wanaotengeneza mifano ya majengo wana desturi yao. Jengo la mteja hupewa kila kitu: madirisha, vizuizi vya baraza, maua, hata vijitu vinavyosukuma vigari vya watoto. Nyumba za watu wengine zilizo kando, zile zilizokuwepo kabla, hukatwa vipande vyeupe vitupu, bila mlango wala dirisha, zikapangwa tu kuonyesha kwamba hapo pana kitu. Bandani kwa kina Gundi vipande hivyo waliviita mabubu. Desturi hiyo ina maana yake. Jicho la mteja linatakiwa liende kwenye mali yake, lisihangaike na ya jirani.

Gundi alikata mabubu ya mtaa wake mzima. Alikata shule aliyosoma, kipande cheupe. Alikata nyumba ya fundi cherehani, ya mwalimu mstaafu, ya yule mama muuza maandazi, vipande vyeupe. Alipofika nyumba ya mwisho, mkono ukakataa. Ndugu zangu, hebu semeni wenyewe: mtu ameahidi nyumba miaka yote hiyo, anatengenezea watu meno na viatu, halafu nyumba ya mama yake mzazi aikate kama kipande cha sabuni?

Akaitengeneza. Mwenzake akienda kula mchana, yeye anabaki ameinama na kibanio na wembe. Aliweka kibaraza na nguzo zake mbili, moja imepinda kidogo, kama ilivyo. Aliweka bati lenye mikunjo, lililokatwa kwenye kopo la soda. Aliweka mlango wa kijani, na kamba ya kuanikia nguo yenye kanga moja. Mwisho akajenga ngazi, kidato kimoja kimoja, na cha juu akakifanya kirefu. Nyumba yenyewe ilienea kwenye kiganja cha mtoto. Alipomaliza alifurahi kwa namna ambayo hakuwahi kufurahi tangu avue lile joho.

Mheshimiwa akaiona.

"Hii nini? Majirani si mabubu?"

"Iache. Ni kwa mama."

"Gundi, bwana, mteja atauliza."

"Akiuliza utajibu wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Mheshimiwa akainama, akachungulia ngazi, akacheka. Alikuwa amejikwaa pale zaidi ya mara moja. Akaiacha, kwa sababu ilikuwa nzuri, na watu wa fani ile udhaifu wao ni huo. Ukiwaonyesha kitu kizuri wanasahau wanachokilinda.

Tena Gundi hakuibandika. Kila kitu kwenye ubao ule alikitia gundi, mti na kijitu na taa ya barabarani, ila nyumba hiyo aliikalisha tu mahali pake. Nia yake ilikuwa kwamba wakurugenzi wakishaona na kuondoka, aichukue ampelekee mama yake, amwambie, haya, nimeanza na hii, kubwa inakuja.

Siku ya kuonyesha wakaubeba ubao wakapanda nao mpaka chumba cha mikutano, wakauweka juu ya meza ndefu ya kioo. Wakurugenzi walikuwa wamekaa. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa mama wa makamo, mpole, sauti ndogo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Msitegemee niwaambie alikuwa mkali. Aliwauliza wamekunywa nini njiani, akaagiza waletewe chai. Kisha akavaa miwani, akazunguka meza taratibu, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na usawa wa barabara, kama mtu anayesimama pale langoni kwa miguu yake.

"Jamani," akasema. "Hii ngazi."

Gundi akatabasamu, hakujizuia.

"Nani ametengeneza kinyumba hiki?"

"Ni huyu mwenzangu, mama," akasema Mheshimiwa.

"Una mikono, kijana. Njooni muone, ina hadi kamba ya nguo." Wakurugenzi wakainuka, wakainama mmoja mmoja, wakachekacheka. Kwenye ubao wote wenye maghorofa na bustani, macho yao yote yalikuwa kwenye nyumba ya Mama Ngazi. Mwenyekiti akabaki ameinama pale pale. Akasogeza kichwa kushoto, akakirudisha kulia. "Ila ngoja. Mtu akiwa langoni hapa, anatazama bustani, kitu cha kwanza anachokiona ni hiki. Nguo za kuanikwa."

Mkurugenzi mmoja akasema, "Iko nje ya mpaka wetu hiyo, mama."

"Najua iko nje. Naangalia tu."

Akanyoosha mkono, akaishika paa kwa kucha mbili, akaivuta kwa uangalifu kama anayeogopa kuvunja. Ikaja. Mabubu yote yangekatalia pale hata angetumia patasi, lakini hiyo ilikuja yenyewe.

"Kumbe inatoka kirahisi hivi!" akasema, akacheka. Akainama tena pale langoni. Chumba kizima kikainama naye. "Oneni sasa. Bustani yote mpaka mwisho."

Wakaona. Na hili ndilo lililomuua Gundi kabisa: hata yeye aliona. Jicho alilosomeshwa nalo lilimwambia pale pale kwamba bila nyumba ile mtaa umefunguka, umependeza, umekaa vizuri. Akalichukia jicho lake, lakini liliona.

Kinywa kilijaa maneno matatu tu: ni kwa mama. Mheshimiwa alimkanyaga mguu chini ya meza, na msije mkamlaumu Mheshimiwa, kwani mguu ukikanyagwa mdomo haufungwi. Gundi aliogopa. Aliogopa kumharibia mama wa watu chai yake na furaha yake, aliogopa kuonekana mshamba aliyeingiza mambo ya kwao kwenye kazi ya watu. Akasimama, mikono nyuma, anatazama.

"Mchoraji ausogeze huu mstari wa mpaka kabla hatujapeleka michoro serikalini," Mwenyekiti akamwambia mmoja wao. "Nyumba moja tu, si nyingi. Watafidiwa." Kisha akamgeukia Gundi, akamwekea kijumba kiganjani kwa upole. "Usiitupe hii, ni kazi nzuri. Mpelekee mama yako. Akina mama tunapenda vitu kama hivi."

"Asante," akasema Gundi.

Hakumpelekea. Aliifungia kwenye droo ya bandani, chini ya makaratasi ya msasa.

Barua ya kubomolewa ilipokuja, mama alimwekea mezani bila kuketi.

"Si uliniambia mstari uko nje?"

"Ulikuwa nje, mama. Wamebadilisha."

"Wamebadilisha kwa nini?"

"Sijui."

Kwa hiyo alianza kwa uongo mdogo, akaupandisha kidato kwa kidato. Alimsindikiza mama yake kwenye ofisi za serikali, akakaa naye kwenye benchi, akamshikia mkoba. Karani akawaeleza kuwa nyumba yake inaziba mandhari.

"Mandhari ndiyo nini?" mama akamwuliza mwanawe.

"Ni ule mwonekano, mama. Watu waone vizuri."

"Waone nini?"

"Bustani."

"Bustani ipo?"

"Bado," akasema karani. "Itapandwa."

Mama Ngazi akamtazama karani, akamtazama mwanawe, akaomba aruhusiwe akae na mandhari hayo mpaka hiyo bustani iote. Karani akacheka. Aliyefuata kwenye foleni akaitwa.

Siku ya kubomoa, msimamizi alipanda juu kuhakikisha chumba kitupu, akajikwaa kwenye kidato cha mwisho, kofia yake ngumu ikabingirika mpaka chini. Mama Ngazi alicheka pale barabarani kwa sauti, akiwa amekalia godoro lake. Hakuna aliyecheka naye. Mashine ikaanza na ngazi.

Alihamia kwa binti yake, dada yake Gundi, chumba cha nyuma. Nyumba ile sakafu yake ni tambarare, hata kizingiti haina, lakini bibi huyo kila akifika mlangoni anainua mguu juu, anaushusha mahali ambapo hapana kitu, anayumba. Wajukuu waligundua wakawa wanamvizia wacheke. Mama yao akawachapa, wakawa wanacheka kimyakimya.

Mheshimiwa alikwenda kumpa pole. Alikwenda kwa moyo safi, hilo namkubalia. Alipekua droo, akaikuta nyumba, akaona bibi atafarijika kuwa na kumbukumbu, akaifunga kwenye gazeti. Gundi alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alipoona gazeti lile linafunguliwa, aliinuka nusu, akakaa tena.

Mama alivaa miwani. Akagusa bati. Akagusa kanga. Akapandisha kidole kwenye ngazi, kidato kwa kidato, na kilipofika juu kikainuka chenyewe.

"Ametengeneza nani?"

"Mwanao, mama!" akasema Mheshimiwa. "Kabla hata ya hayo yote. Alisema ni kwa mama."

"Kabla? Ilikuwa wapi siku zote hizo?"

Mheshimiwa akamtazama Gundi. Mtu mwingine angekohoa, angeuliza chai. Yeye sentensi moja haimtoshi. Akaanza kumtetea rafiki yake ambaye hakuna aliyemshtaki: hawakuwa na la kufanya, mama, hata kidogo, ilikuwa mezani na nyingine, Mwenyekiti akaipenda kuliko zote, akaishika hivi, ikatoka, kwa kuwa haikutiwa gundi. Kadiri alivyomtetea ndivyo alivyommaliza.

Mama Ngazi alisikiliza mpaka mwisho. Nyumba ilikuwa kiganjani.

"Nyumba za wenzangu mlizifanyaje?"

"Hizo zilikuwa vipande vyeupe tu, mama."

"Nazo zipo mpaka leo."

"Zipo, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ameishika nyumba yangu, akakupa. Ukamwambiaje?"

Gundi aliinamisha kichwa. Angeweza kudanganya tena. Lakini uongo ule haukubakiwa na kidato cha kupandia.

"Nilisema asante."

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliinuka, akaiweka juu ya kabati la televisheni, akaigeuza ngazi itazame wageni, akaondoa vumbi kwa ncha ya kanga yake.

Iko pale mpaka leo. Gundi huja kumsalimia kila wiki, kwa sababu ni mtoto mwenye adabu, na kampuni ile imewapa kazi nyingine mbili, hivyo haji mikono mitupu. Na wageni wa mama yake hawaishi. Wanatoka kule mtaani, kwenye zile nyumba ambazo hazikuwa na mlango wala dirisha: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, muuza maandazi. Wakishaketi, macho yao yanakwenda kabatini. Mama Ngazi anasubiri wamalize kusifu.

"Si niliwaambia mwanangu atanijengea nyumba?" anasema. "Mkadhani natania. Ndiyo hiyo."

Wageni wanacheka kidogo, hawajui wacheke kiasi gani.

"Simama, baba, wakuone. Waambie ulisema nini ulipokabidhiwa."

Gundi anasimama. Asiposimama mama anangoja, na anaweza kungoja mpaka chai ipoe.

"Nilisema asante."

"Hawajasikia, baba. Masikio yao yamezeeka. Sema tena."